Cherehani ya mkono kutoka Biashara Street, kwa mzazi mwenye mtoto mdogo nyumbani

Nianze na jibu, maana wengi wenu mnasoma haya mtoto akiwa mapajani: nunueni ya mkono. Kama nyumbani kuna mtoto aliyeanza kutembea, na unachotaka kushona ni zawadi, yaani mifarishi midogo (matandiko ya viraka yenye matabaka), bibu, foronya, mipira ya kitambaa na mikoba, basi ile cherehani nyeusi ya kuzungusha kwa mkono ndiyo yako. Ya stima iache kwanza. Ya miguu nayo iache, hata ukipewa bure.

Yangu niliinunua Biashara Street ya Mombasa, duka ambalo mbele wanauza vifungo, lesi na nyuzi, na cherehani zimepangwa kule nyuma. Jina la duka silitaji, kwa sababu nina mazuri mengi ya kusema juu yao na pia nina lalama, na lalama nitaifikia. Nililipa shilingi 13,500 baada ya kuvutana bei. Kwa pesa hizo nilipata kichwa cha chuma, kitako cha mbao, kifuniko cha mbao, bobini chache (vile vigurudumu vya uzi wa chini), bisibisi ndogo na kikebe cha mafuta. Imeundwa China, na ni nakala ya Singer namba 15 ya zamani, ile ambayo Wajapani waliinakili kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha wengine wakafuata. Kuwa nakala ndiyo faida yake kubwa. Bobini zake ni zile za namba 15 zilizojaa kila duka, sindano ni za kawaida za nyumbani, na fundi yeyote wa Mwembe Tayari anaifungua na kuifunga akiongea na wateja.

Sasa kwa nini ya mkono. Kabla yake nilikuwa nikiazima ya stima ya shangazi yangu. Ni cherehani nzuri, inakwenda mbio, ina mishono ya kila aina. Lakini pedali ya cherehani ya stima iko sakafuni, na sakafu ni ya mtoto. Mwanangu ana miaka miwili, na hakuna kitu kilicho chini ya meza asichokikanyaga. Akiikanyaga pedali wakati vidole vyangu vinasawazisha kitambaa chini ya sindano, hapo hakuna wa kulaumiwa, tena hakuna muda wa kupiga kelele. Juu ya hayo kuna waya unaoning'inia kutoka ukutani hadi mezani, na mtoto wa umri huo anavuta chochote kinachoning'inia. Ya miguu ina mabaya yake: lile bamba la chuma linalopanda na kushuka, lile gurudumu kubwa na mkanda wake wa ngozi, vyote viko kimo cha mikono yake. Ukiwa unashona huoni kinachoendelea huko chini.

Ya mkono kila kitu kiko juu ya meza. Ukiachia mpini, sindano inasimama. Sifa yenyewe ni hiyo, na kwa mtu mwenye mtoto inashinda mishono ishirini ya urembo. Mtoto akilia, akianguka, akiita "Mama!" kutoka chooni, naachia tu. Narudi baada ya robo saa na sindano iko palepale nilipoiacha, imezama kwenye kitambaa, nami naendelea na mshono kama kwamba sikuondoka. Mzungusho mmoja wa mpini unatoa mishono kama mitatu. Ni mwendo wa polepole, lakini kona za viraka zinataka mwendo huohuo, na anayejifunza anaona kila mshono unavyoingia.

Stima ikipotea nashona. Token zikiisha nashona. Mtoto akilala mchana nashona chumba hichohicho, kwa sababu mlio wake ni mdogo, tiki-tiki ya chuma kilichopakwa mafuta, na mwanangu ameuzoea hata ukikoma ndipo anapogeuka kitandani. Nikimaliza naifunika kifuniko chake, nafunga, naipandisha juu ya kabati. Ni nzito, inapita kilo kumi, kwa hivyo mwenye mgongo mbovu aitafutie meza yake ya kudumu yenye kimo.

Kuna jambo moja la cherehani hii ambalo ningependa kila mzazi alijue, maana limenipa raha kuliko yote. Kwenye gurudumu la kulia, katikati, kuna skrubu kubwa ya mviringo. Ukiilegeza, mpini unazunguka, gurudumu linazunguka, lakini sindano haiendi popote. Imewekwa hivyo ili ujaze bobini bila sindano kupiga bure. Basi mimi nikitaka kujaza bobini, nachomoa sindano kabisa naiweka kwenye kijaluba chake, nalegeza skrubu, natia uzi kwenye bobini, kisha namkalisha mwanangu mapajani. Mkono wake wa kulia uko juu ya mpini, wangu juu ya wake. Mkono wake wa kushoto nimeukamata, kwa sababu gurudumu lina matundu na kidole kidogo kinapita. Anazungusha. Uzi unapanda kwenye bobini kutoka upande hadi upande, unanenepa, yeye ametoa macho. Ikijaa anasema "tayari" kabla yangu. Bobini zote za mfarishi wa binamu yake alizijaza yeye, na nilipoupeleka zawadi ile nilisema imetoka kwetu sote wawili, na ni kweli.

Nije kwenye mfarishi wenyewe, maana cherehani hupimwa kwa kilichoshonwa.

Mimi nashona kwa leso, yaani kanga. Wapo wanaoniuliza kwa nini sinunui vile vitambaa vya maua vya kutoka nje, vilivyokatwa vipande tayari na kufungwa utepe. Kwa sababu doti moja ya leso inatosha mfarishi mzima wa mtoto, mbele, nyuma na upindo, na hesabu yake ni hii. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43. Ukikata viraka vya inchi 5 kwa 5, leso moja inakupa hadi 88. Unahitaji 64 tu: safu nane za viraka vinane. Kila upande wa kiraka unaliwa robo inchi na mshono, kwa hivyo kiraka kinabaki inchi nne na nusu, na nane zake ni inchi 36. Una mfarishi wa inchi 36 kwa 36, kimo kizuri cha kumtandikia mtoto mkekani. Leso ya pili ya doti inakuwa mgongo: kata kipande cha inchi 40 kutoka upande wa urefu, kitakachobaki ni inchi 19 kwa 43, na hapo unatoa vipande vinne vya upana wa inchi mbili na nusu, uviunganishe, upinde ukingo kote. Viraka 24 vilivyosalia navyo ni bibu na mpira wa kuchezea. Hakuna kilichotupwa.

Halafu leso inatusemea kabla hatujafungua mdomo. Wanaosimulia historia yake wanasema wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vikiuzwa bila kukatwa, wakakata vitatu na vitatu, wakaviunga vikawa nguo moja ya vipande sita. Kuunga vipande basi ni kazi ya nyanya zetu. Mtu akiniambia mfarishi wa viraka ni mambo ya Wazungu, namwonyesha hilo.

Leso nzuri nazinunua papo hapo Biashara Street. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo sisi sote tunaijua kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, imekuwa katika biashara hii Mombasa tangu 1887, na kwa zawadi ya mtoto mimi sitoki nje ya zile za pamba tupu. Siku hizi leso za nailoni ni nyingi, zina rangi za kuvutia na bei nafuu, na muuzaji wa kando ya njia atakwambia zote ni pamba. Usibishane naye. Chomoa uzi mmoja kutoka ukingoni, upeleke kwenye njiti ya kibiriti ukiwa nje. Pamba inaungua na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyochomwa. Nailoni inayeyuka, inajikunja, inaacha kijipande kigumu cheusi. Joto la Mombasa la mwezi wa Februari na mtoto aliyelala juu ya nailoni ni mateso, atavimba upele shingo nzima.

Leso mpya ifue kwanza, peke yake, kabla makasi hayajaigusa. Ina wanga mwingi wa kiwandani, na pamba hurudi kidogo ikifuliwa. Ukishona kabla, mfarishi wako utafuliwa na mama aliyezaa juzi, nao utajikunja kona zote. Rangi nyekundu na nyeusi hutoka. Shemeji yangu alinipa kisutu chake cha harusi nimkatie viraka vichache vya kumbukumbu, nikakifua mpaka maji yakawa meupe kabisa ndipo nikakichanganya na leso nyeupe. Na kabla ya kukata, usifuate makasi ya dukani. Doti hukatwa kwa jicho katikati, aghalabu upande mmoja umepinda. Tia alama ndogo ya makasi ukingoni, halafu pasua kwa mikono: pamba inapasuka ikifuata uzi wake, unapata ukingo ulionyooka wima.

Kitu kimoja zaidi cha leso, na hiki ni cha adabu: soma jina lake kabla hujatoa zawadi. Majina mengi ya leso ni mafumbo, yametungwa kwa jirani na mke mwenza. Utampelekeaje mzazi aliyetimiza arobaini mfarishi ulioandikwa kwa mgongo "Mtasema mchana usiku mtalala"? Atajiuliza umemsikia akisemwa na nani. Mimi huchagua leso yenye dua au shukrani, kisha naliacha jina lote zima kwenye kile kipande cha mgongo, lisikatwe, likae katikati. Anapougeuza mfarishi analisoma, na mara nyingi huwa hilo ndilo analonipigia simu kuniambia.

Katikati ya mfarishi natia shuka kuukuu ya pamba. Duka la vifungo wanauza ile pamba ya nailoni ya mikunjo, inayovimba vizuri, na kwa picha inapendeza sana. Kwa hali ya hewa yetu haifai. Kusi ikivuma, Juni na Julai, usiku unapoa kidogo na shuka moja katikati ya leso mbili inatosha. Shuka za mitumba za Kongowea, zile zilizofuliwa hata zikalainika, ndizo bora: hazirudi tena na hazina wanga.

Hapa sasa ndipo cherehani inapojaribiwa. Kuunga viraka viwili viwili ni kazi rahisi kwake; mshono ulionyooka wa cherehani hii sijauona kwa nyingine. Lakini kushona matabaka matatu kwa pamoja kunaitaka iongozwe. Meno ya chini yanavuta kitambaa cha chini, mguu wa juu unakandamiza cha juu, na bila mguu maalumu wa kuvuta juu na chini, leso ya juu husukumwa mbele mpaka mwishoni inafanya mkunjo. Dawa yake ni mbili. Kwanza, piga bandi kwa mkono, mishono mirefu, ukianzia katikati kwenda pembeni kama nyota, na usiwe mvivu hapo. Pili, kule juu ya nguzo ya mguu kuna skrubu ya kupunguza ukandamizaji, ilegeze kidogo. Badili na sindano: namba 11 ya kuungia leso mbili haiwezi matabaka matatu yenye mishono ya ndani, tia namba 14, na kwenye kona nene 16. Nikifanya hivyo napita juu ya mistari ya viraka, ule upande uliobaki nimeukunja na kuubana kwa vibanio vya nguo, na unapita.

Unapita kwa sababu ni mfarishi wa mtoto. Nafasi ya kati ya sindano na nguzo ya kulia ni ndogo. Mfarishi wa kitanda cha watu wazima hautoshi pale, hata ukiukunja vipi utaupigania mpaka mkono uanze kuuma, kwani mkono wa kulia uko kwenye mpini na wa kushoto peke yake ndio unaovuta mzigo wote. Mwenye nia ya kushona mifarishi ya harusi atafute cherehani nyingine, au aunge viraka kwa hii halafu matabaka ayafunge kwa mkono, kwa mafundo. Kwa mtoto mchanga mafundo siyapendi. Vidole vyao havichoki kuvuta.

Na hapa niseme wazi, kwa sababu nawapelekea zawadi wazazi wapya. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale bila mto, bila mfarishi, bila kitu chochote laini kilicho huru kitandani, kwa hatari ya kuzibwa pumzi. Mfarishi wangu nautoa nikimwambia mama: huu ni wa mkekani, alalie tumbo akiwa macho nawe umekaa karibu, ajifunze kuinua shingo. Akishatimiza mwaka mfunike nao. Wengine hawajawahi kuambiwa, na hakuna aliyekasirika nilipomwambia.

Vivyo hivyo kwa vijidoli. Macho ya vifungo ni mazuri kutazama, lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe chochote chenye kipande kidogo cha kung'oka. Mimi macho nayatarizi kwa uzi. Mpira niliomshonea mwanangu wa vipande sita umejazwa sufi kutoka mto wa zamani wa bibi yangu, na una ganda la ndani lililoshonwa mara mbili na la nje la kuvua, kwa kuwa sufi ikilowa hugandamana madonge. Siku ya kujaza sufi mtoto mpeleke kwa jirani. Inapaa chumba kizima, inaingia puani na machoni.

Pini nazo ziwe chache, ziwe na vichwa vya rangi, na zihesabiwe wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Mimi nina sumaku kutoka spika mbovu, nimeifunga kamba, naipitisha sakafuni kila ninapomaliza, hata kama nina hakika. Pale panapowezekana natumia vibanio vya nguo badala ya pini kabisa.

Bibu, foronya na mikoba sina haja ya kueleza sana, cherehani hii inazishona bila shida yoyote. Ukingo wa bibu nakata kutoka kikoi kikuukuu, unafyonza mate vizuri kuliko leso.

Lalama niliyoahidi. Cherehani ilikuja na sindano iliyopinda, na nilipoifungua nyumbani nilikuta grisi nzito ya manjano kila mahali, imekauka, na mpini unazunguka kwa shida. Nilirudi dukani. Kijana aliyeniuzia akasema iko sawa, nijaze karatasi ya dhamana nipige simu mahali fulani Nairobi. Simu haikushikwa. Hilo lilinikera kwa dhati, maana mwenye pesa za kununua kitu kimoja kwa mwaka hastahili kuzungushwa. Ni mzee mwenye duka, aliyekuwa ameketi nyuma na daftari lake, aliyeinuka mwenyewe. Alisema, "Lete hapa, mwanangu," akaivua kichwa, akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaitia mafuta ya cherehani katika kila tundu, akanionyesha upande bapa wa sindano unakokaa, kwa kuwa ukiuweka vingine mshono unaruka. Akashona mstari kwenye kipande cha leso, akaupindua chini, akaukuna kwa ukucha wake uzi wa chini uone kama umelegea, akageuza skrubu ya uzi kidogo sana, akashona tena. Juu na chini vikafanana. "Hii ukiipa mafuta itatuzika mimi na wewe," akaniambia. Hakunitoza senti. Kwa hiyo duka lile nalipatia alama za aina mbili: kwa kijana alama za chini kabisa, kwa mzee alama zote.

Vanishi ya kitako imeanza kubanduka pembeni, nayo ni ya juujuu tu. Cherehani yangu haina mshono wa kurudi nyuma wa kufungia, kwa hivyo mwisho wa kila mstari nageuza kitambaa nashona mishono mitatu juu ya ile ya kwanza, au nafunga uzi kwa mkono. Haina zigizagi. Nguo za kuvutika za watoto, zile fulana za mpira mpira, haziwezi vizuri. Mshono ulionyooka hukatika nguo ikinyooshwa. Kama mpango wako ni kushona nguo za mtoto za kila siku, rudi kwenye ya stima, ungoje akue kidogo.

Adui mkubwa wa cherehani hii kwetu ni hewa. Sisi tuko Tudor, maji ya Tudor Creek hayako mbali, na chumvi inakula chuma usiku na mchana. Sindano zilizoachwa wazi huota kutu, na sindano yenye kutu inaacha doa la kahawia kwenye leso nyeupe ambalo halitoki. Zangu nazihifadhi ndani ya kijaluba chenye kitambaa kilicholowa mafuta kidogo. Cherehani yenyewe naitia tone moja moja kila nikikaa nayo kwa kazi ndefu, kisha nashona kwenye kitambaa kibovu kwanza ili mafuta yaliyozidi yatoke. Mafuta yawe yale meupe ya cherehani. Ya nazi na ya kupikia hugeuka ulimbo ndani ya vyuma na kila kitu kikaganda, na hapo utalipa fundi kuikwangua.

Kwa wanaokwenda kununua: nenda asubuhi, kabla ya adhuhuri, barabara ile ikijaa huwezi kusikia mlio wa cherehani, nawe unahitaji kuusikia. Beba kipande chako cha leso kilichofuliwa, kikunje mara nne, mwambie muuzaji ashone mbele yako, halafu ushone wewe. Zungusha mpini polepole kabisa: usikwame mahali popote, usiwe mwepesi hapa na mzito pale. Legeza ile skrubu ya gurudumu uone kama kweli sindano inasimama, kwa sababu nyingine zimekazwa kiwandani hata hazifunguki, na bila hiyo mtoto wako hana kazi ya bobini. Tikisa mpini uone kama unacheza. Toa kijumba cha bobini ukirudishe mwenyewe, mara mbili, mpaka kiseme "tak". Na ukishakubaliana bei, kabla hujatoa pesa, mwambie akuongezee pakiti mbili za sindano, ya namba 14 na ya namba 16. Mimi alinipa bila kusita.